Mwana Kupona: Mama aliyemwachia bintiye wosia ambao Pwani ingali inaubishania

Na MWANDISHI WETU

JINA la Mwana Kupona binti Msham halikosi kutajwa Pwani panapozuka mabishano juu ya mke na mume. Likoni, Kisauni na hata Changamwe, bi harusi anapofundwa kabla ya kuingia nyumbani kwake, maneno anayopewa na somo wake kuhusu kumpokea mume mlangoni, kulainisha ulimi na kutotoka bila ruhusa hufanana mno na yale aliyoyaandika mwanamke huyo zaidi ya miaka 160 iliyopita. Wapo wanaomsifu kwa kuihifadhi ndoa ya Kiislamu. Wapo pia wanaomlaumu kuwa ndiye aliyewatia wanawake wa Pwani kamba shingoni.

Pande zote mbili humzungumzia kana kwamba alikuwa sheria. Ni nadra kumsikia mtu akimzungumzia kama mtu: mwanamke aliyeolewa, akafiwa na mume, akaugua muda mrefu, na akawa na binti kijana ambaye hatima yake ilimkosesha usingizi.

Hakuwa mwenyeji wa Mombasa. Alizaliwa kisiwani Pate, katika funguvisiwa la Lamu, mapema katika karne ya 19. Huo ulikuwa wakati mgumu kwa watu wa kwao. Takriban mwaka 1812, majeshi ya Pate yakishirikiana na Wamazrui waliotawala Mombasa yalishindwa na Walamu ufukweni Shela. Lamu, ikihofia kulipiziwa kisasi, ikaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na kuanzia hapo mkono wa Mabusaidi ukaanza kuinyoshea Pwani nzima. Mombasa ilianguka mwaka 1837, Wamazrui wakaondolewa madarakani. Pate nayo ikabaki jina kubwa lenye nguvu ndogo.

Mji mmoja katika kisiwa hicho ulikataa kusalimu amri. Huo ni Siyu, mji wa mafundi wa ngozi na mbao, wafumaji na wanazuoni, uliojulikana kwa waandishi wake waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono. Mtawala wake alikuwa Sheikh Mataka wa ukoo wa Wafamau, aliyejulikana na wengi kwa jina la Bwana Mataka. Kwa takriban miaka 20 mtu huyo alipambana na dola ya Zanzibar. Katikati ya miaka ya 1840 Sayyid Said alipeleka jeshi kubwa kuitia Siyu adabu. Jeshi hilo lilishindwa vibaya na kamanda wake akauawa.

Huyo ndiye aliyemwoa Mwana Kupona.

Msomaji ashike jambo hili, kwa kuwa mara nyingi husahauliwa. Mwanamke ambaye leo hutajwa kama mfano wa mke aliyejikalia kimya ndani, nyumba yake ilikuwa nyumba ya vita na siasa. Mume aliyekuwa akirejea jioni hakuwa akitoka sokoni tu. Huenda alikuwa akitoka kwenye baraza la vita. Wajumbe waliingia na kutoka. Habari za majahazi yenye askari zilifika humo kabla ya kufika kwa majirani. Mke wa mtu kama huyo alihitaji kujua lini aseme na lini anyamaze, na si kwa sababu ya adabu peke yake.

Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wawili. Mmoja wao ni Mwana Hashima, aliyezaliwa mwaka 1841.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki dunia. Mwaka huo huo Sayyid Said naye alifia baharini akiwa safarini kurudi Zanzibar, hivyo mahasimu hao wawili wakaondoka karibu pamoja. Kifo cha mtawala wa Siyu kiliuacha mji katika mashaka, kwani Sayyid Majid aliyeshika usukani Zanzibar hakuwa na nia ya kuuacha uendelee kujitawala. Mwana Kupona akawa mjane katika mji uliokuwa ukingojea vita vingine. Kisha akashikwa na maradhi.

Maradhi hayo, kwa maelezo yake mwenyewe ndani ya utenzi, yalikuwa yametimiza mwaka mzima bila kumwachia nafasi ya kumpa binti yake neno la maana. Siku moja akamwita Mwana Hashima aje na wino na karatasi, aketi karibu, aandike. Binti alikuwa na umri wa miaka 17. Mwaka ulikuwa 1275 wa Hijria, sawa na 1858.

Kilichoandikwa ni utenzi wa beti 102 ambao kwa lahaja za kaskazini huitwa utendi. Mama alimwambia binti kuwa anamtungia kidani cha lulu na marijani, ajivike shingoni. Alimwonya kwamba ulimwengu si mali ya mtu, kisha akaanza na dini: faradhi na sunna, ukweli, ulimi wenye adabu, kuepuka wenye fitina, kuwahurumia wanyonge. Beti hizi za mwanzo hazimtofautishi sana mwanamke na mwanamume. Mvulana angeweza kuzisoma na zikamfaa.

Ndipo anapofika kwenye radhi tano ambazo mwanamke hana budi kuzipata, yaani radhi za Mungu, za Mtume, za baba, za mama, na ya tano ya mume. Hapo ndipo utenzi ulipopata umaarufu wake, na lawama zake. Mke anaambiwa kuwa Siku ya Kiyama mume ataulizwa anataka mkewe apelekwe wapi, na neno lake litafuatwa. Asishindane naye kwa maneno. Akiwa na hasira, anyamaze. Akilala, asimwamshe kwa kelele, bali amkande na kumpepea. Akitoka, amuage kwa heri. Akirudi, amkaribishe na kumwandalia mahali pa kupumzika. Amtunze nywele na ndevu, amfukizie udi asubuhi na jioni. Nyumba iwe safi hadi chooni. Yeye mwenyewe ajipambe kwa hina, wanja, vikuku, pete na marashi. Asitoke ila kwa idhini, na akitoka asikae njiani, asifunue shiraa, arudi mapema.

Katikati ya mafunzo hayo pana ushauri ambao wanaomtumia Mwana Kupona kuwatisha wake zao huuruka. Mama anamwambia binti amlee mumewe kama mtoto mdogo ambaye bado hajajua kusema. Ampumbaze, apumbae. Mfalme wa nyumba, kwa mujibu wa beti hizo, ni mtoto mchanga anayehitaji kubembelezwa, na anayejua siri hiyo ni mkewe.

Wahakiki wameuvuta ubeti huo huku na huko. Ann Biersteker, mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili, katika makala iliyochapishwa mwaka 1991, alipendekeza kuwa utenzi usomwe upya kwa kuangalia uwezekano wa kejeli iliyofichwa ndani ya maneno ya utii. Mwandishi wa makala haya hafiki huko kote. Mama mgonjwa aliyemwita bintiye kwa ajili ya wasia wa mwisho haelekei kuwa na nafasi ya kufanya mzaha na Siku ya Kiyama. Hata hivyo, hapana shaka kuwa aliyeandika hayo alikuwa amemtazama mwanamume mwenye mamlaka kwa karibu, akaona udhaifu wake, na akajua njia ya kuishi naye bila kuvunjika.

Jambo jingine linalopotea katika mabishano ni nyumba yenyewe. Katika miji ya Lamu na Pate, baba wa tabaka la waungwana alikuwa na desturi ya kumpa binti yake nyumba ya mawe alipoolewa. Mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo bi harusi aliyeambiwa na mama yake aipendezeshe nyumba na amkaribishe mume mlangoni, mara nyingi alikuwa akimkaribisha katika nyumba yake mwenyewe. Talaka ikitokea, anayefunga virago ni mume. Utii unaodaiwa kutoka kwa mtu mwenye ukuta na dari yake hauna uzito sawa na utii wa mtu anayeweza kutolewa nje usiku na watoto wake.

Nani aliyekuwa akiisafisha nyumba hiyo? Utenzi unalijibu swali hili kwa njia inayomkera msomaji wa leo. Mwana Hashima anaonywa asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Maana yake ni kuwa kazi ilikuwa na wenyewe. Maji yalitekwa na mtumwa, nafaka ilitwangwa na mtumwa, na ile shiraa aliyokatazwa kuifunua ilikuwa kitambaa kikubwa kilichobebwa na watumwa juu ya miti ili bibi wa kiungwana apite njiani bila kuonwa. Mke aliyekuwa na nafasi ya kumpepea mumewe hadi apate usingizi alikuwa mke ambaye hakuamka alfajiri kuchota maji.

Hapa ndipo habari ya Pate inapofika bara ya Mombasa.

Mwaka 1875, miaka 17 tu baada ya utenzi kuandikwa, Wamisionari wa Kianglikana walianzisha kijiji cha Frere Town huko Kisauni ili kuwapokea watumwa waliookolewa baharini na manowari za Waingereza. Kengele yao ingali Kengeleni, na mahali hapo pamepata jina kutokana nayo. Wanawake waliopewa makao huko, wengi wao wakiwa wametekwa katika nchi za ndani za Afrika Mashariki na ya Kati, ni wa tabaka lile lile ambalo Mwana Hashima alikatazwa kuchanganyika nalo. Hawakuwa na baba wa kuwapa nyumba ya mawe. Hawakuwa na wa kuwabebea shiraa. Walifungishwa ndoa kanisani, wakapewa vipande vya ardhi, wakafundishwa maadili mengine ya mke mwema kutoka Uingereza, nayo yalimtaka mke awe mtiifu vile vile.

Kwa hivyo Kisauni iliingia karne ya 20 ikiwa na wosia wa aina mbili juu ya mke, mmoja kutoka Pate na mwingine kutoka kwa wamisionari, na wote ukawakuta wanawake waliokuwa wakilima, wakibeba kuni na kuuza sokoni. Utumwa ulipopigwa marufuku rasmi katika Pwani ya Kenya mwaka 1907, hata nyumba za waungwana zililazimika kujiuliza nani atatwanga. Jibu lilikuwa ni mke. Lakini beti za utenzi hazikupunguzwa hata moja kwa ajili yake. Alitakiwa atwange, kisha ajipambe, kisha apepee.

Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896, na baadaye bandari ya Kilindini, zikaleta mambo mengine bara. Changamwe ikawa makao ya wafanyakazi kutoka kila pembe ya Kenya. Mshahara ukamfanya mwanamume kuwa mwenye fedha taslimu ndani ya nyumba, hali mke hana. Watu wengi husema kuwa mume mleta chakula na mke mlinzi wa nyumba ni desturi ya mababu. Kwa sehemu kubwa ya bara ya Mombasa, mpangilio huo una umri wa reli.

Kisiwani, mjadala ulishikwa na wanazuoni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Humo aliwakemea Waislamu wenzake kwa kuacha watoto wa kike bila elimu na kwa kupoteza mali katika harusi za kifahari. Hakuwa akitaka mke aache kumtii mumewe. Alitaka mke anayejua kusoma. Kwa jambo hilo, mjane wa Siyu alikuwa amemtangulia kwa zaidi ya miaka 70, kwani wosia wake haungeandikwa kama binti asingejua kushika kalamu, wala haungewafikia wanawake wengine ambao mwisho wa utenzi anawaita wausome.

Leo hii, mtu anayefika kivukoni Likoni kabla ya jua kuchomoza huwaona kina mama wakiwa wameshawasha majiko. Mahamri yamekaangwa, mbaazi zimeiva, chai inachemka. Wengine wanavuka na feri kwenda kufanya kazi za nyumbani kwa watu mjini. Huko Changamwe, wasichana na kina mama huingia zamu katika viwanda vya nguo. Wengi wao wana waume. Baadhi ya waume hao walikuwa na kazi nzuri zamani. Kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013. Reli ya SGR ilipoanza kazi mwaka 2017, na makontena yakaelekezwa huko kwa amri hadi amri hiyo ilipoondolewa mwaka 2022, madereva wa malori, matingo na vibarua wengi walijikuta vibarazani.

Katika nyumba kama hizo, wosia wa Mwana Kupona hauzungumzwi kama jambo la fasihi. Mume asiye na masurufu anapodai aombwe ruhusa kabla ya mkewe kwenda kuuza mahamri yanayowalisha wote wawili, swali linakuwa la chakula. Sheria ya Kiislamu yenyewe inamwajibisha mume kumtunza mkewe, kumvisha na kumpa makazi, na hata mali ya mke ikiwa nyingi namna gani haiondoi wajibu huo. Hilo ni fungu ambalo halimo katika utenzi. Halimo kwa kuwa utenzi ulimlenga binti, na binti hakuhitaji kuambiwa wajibu wa mtu mwingine. Hakuna utenzi wa namna hiyo uliopata umaarufu ambao mama wa Siyu, Lamu au Mombasa alimwita mwanawe wa kiume aje na wino na karatasi aandike namna ya kuishi na mke. Pengo hilo lina lawama yake, na si haki kumbebesha mjane mmoja aliyekuwa kitandani.

Wanawake wa Pwani, kwa upande wao, hawakungoja washairi. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch alizichunguza mahakama za Kadhi nchini Kenya, na kitabu chake cha mwaka 1998 kilionyesha kuwa wengi wa wanaofungua kesi za ndoa ni wanawake, na kwamba mara nyingi hushinda. Mbele za watu wanasifiwa kwa uvumilivu. Mbele ya Kadhi wanaeleza, hatua kwa hatua, siku walizolala na njaa. Katiba ya mwaka 2010 ilizihifadhi mahakama hizo katika Ibara ya 170, na katika Ibara ya 45 ikatamka kuwa mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa ndoa na ndoa inapovunjika. Ibara ya 24 inaruhusu masharti hayo ya usawa yasiwabane Waislamu wanaokwenda kwa Kadhi katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mabishano yaliyobaki baina ya ibara hizo yanaendelea misikitini, mahakamani na vyumbani.

Inafaa kurejea kwa mwenyewe, maana kuna beti ambazo hata wapinzani wake wakizisoma hupunguza sauti.

Baada ya kumaliza mafundisho, Mwana Kupona anaacha kufundisha na kuanza kukumbuka. Anamsimulia binti jinsi alivyoishi na baba yake. Waliishi kwa furaha na kucheka, bila ugomvi kati yao katika siku zote walizokaa pamoja. Mauti yalipomjia, mume alimkariria mkewe kwamba yu radhi naye, akamshukuru Mungu na kujisalimisha kwake. Tangu siku hiyo mjane hajanyamaza kulia kila akumbukapo mapumbao na mazoea yao. Neno la kupumbaza, lililotumika awali kama hila ya kumtuliza mume, linarudi hapa likiwa limebeba upendo wa watu wawili waliozoeana.

Anayeuona utenzi huo kuwa amri ya kitumwa hana budi kuzieleza beti hizo. Anayeuona kuwa sheria ya kila nyumba naye ana kazi. Mama huyu alishuhudia ndoa moja, yake, yenye mume aliyemridhia hadi pumzi ya mwisho. Hakusema lolote kuhusu mke afanye nini iwapo mume anampiga, au amemtelekeza, au amerudi mikono mitupu akidai kupepewa. Hakuyasema kwa sababu si aliyoyaona.

Sehemu ya mwisho ya utenzi ni dua ndefu. Anawaombea watoto wake, ndugu na jamaa zake, na Waislamu wote. Anajiombea pia shifaa ya maradhi yake. Aliyekuwa akimfunda binti kwa sauti ya uhakika anageuka kuwa mgonjwa anayemsihi Mola amwondolee uzito asioweza kuubeba mwenyewe.

Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Siyu nayo haikudumu. Sheikh Muhammad, mwana wa Bwana Mataka aliyeendeleza uasi wa baba yake, alipambana na majeshi ya Sayyid Majid hadi mji ukashindwa katika miaka ya 1860. Alikamatwa, akaletwa Mombasa, akafungwa ndani ya Ngome ya Yesu, na humo ndimo alimofia. Mtu akisimama leo Mkomani, upande wa Kisauni, akiutazama mlango wa bahari, kuta za ngome hiyo ziko mbele yake ng'ambo ya maji.

Mwana Hashima alibaki. Alishuhudia kuanguka kwa Siyu, kuja kwa Waingereza, kupigwa marufuku kwa utumwa, reli, na Vita vya Kwanza vya Dunia. Utenzi aliotungiwa na mama yake ulinakiliwa ukaenea Lamu, Mombasa na Zanzibar. Mwaka 1917 mtaalamu wa lugha Alice Werner aliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na kwa mara ya kwanza ukasomwa na watu wasiowahi kuiona Pate.

Binti huyo alifariki mwaka 1933, akiwa na umri wa takriban miaka 92. Mwaka uliofuata Werner na William Hichens walitoa toleo jingine nchini Uingereza, lililopewa anwani inayosema kuwa ni wosia wa Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Anwani hiyo ni ya wahariri. Mama mwenyewe, siku ile alipoagiza wino na karatasi, alisema kuwa anamtungia bintiye kidani.